Mwanetu ana miaka 15, kituoni wameandika 18: majibu ya barua zenu kuhusu watoto walioko ndani

SWALI: Mhariri shikamoo. Nakaa Kirumba, Mwanza, nachuuza dagaa pale mwaloni, soko la samaki. Nina mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea mwenyewe toka yuko darasa la pili, mwaka huu ana miaka 15. Mwezi wa pili walikamatwa watano kwa kesi ya simu ya mteja, wale wakubwa ndugu zao walikuja wakawawekea dhamana wakatoka, yeye kabaki sababu mimi nilikuwa kisiwani kufuata mzigo. Wamemuandika miaka 18 kwahiyo yuko na watu wazima. Nimeenda kumuona, kakonda, upele mwili mzima, anasema wanalala mchongoma, mmoja akitaka kugeuka mpaka wageuke wote. Kesi inapigwa kalenda tu, upelelezi haujakamilika, hii ya nne sasa. Nifanyeje jamani? (Mama mdogo, Kirumba)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana toka tuulize habari za msongamano wa watoto mahabusu barua mnazoleta zinarudi palepale, umri. Mtoto anafikishwa kaunta ya polisi kashapigwa na wananchi, anatetemeka, au yule mkubwa aliyekamatwa naye kamnong'oneza sema una 18 tutoke wote, basi anasema 18. Ile namba ikishaandikwa ndo imetoka, kila karatasi inayofuata inainakili, mpaka mahakamani, mpaka gerezani, na hakuna anayekaa kumuangalia usoni huyu mtoto hata ndevu hana.

Kwahiyo anzia hapo. Cheti cha kuzaliwa kama kipo peleka, kama hakipo usikae nyumbani unasubiri cha RITA, wale wanaosajili vizazi, chukua kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, barua ya shule inayoonyesha alianza lini darasa la kwanza, na wewe mwenyewe uliyemlea unaweza kusimama ukaeleza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na mahakama ikiona anayeletwa mbele yake anaonekana ni mtoto inatakiwa ichunguze umri wake, sio kukubali tu kilichoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Siku ya kesi usibaki nje kwenye benchi, ingia ndani, nyoosha mkono, sema mheshimiwa huyu ni mtoto na uthibitisho ninao. Najua inaogopesha, ila hakimu anaweza kuwa hajui kabisa.

Halafu kabla ya siku hiyo nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Wewe wa Kirumba uko Ilemela, kwahiyo nenda manispaa ya Ilemela, usipoteze nauli kwenda jiji. Huyu afisa sio wa kuombwa fadhila, kesi ya mtoto kwenye Mahakama ya Watoto inataka awepo, na ndo anaandika ripoti ya mtoto anaishi na nani, anasoma au hasomi, kwanini alikuwa mwaloni saa zile. Na dhamana omba upya. Mtoto akikamatwa, mkuu wa kituo anatakiwa amuachie kwa kujidhamini mwenyewe au kwa mzazi, mlezi, hata ndugu, labda kosa liwe la kuua au lenye adhabu inayozidi miaka saba, au awe na sababu ya maana kabisa ya kumshikilia, na dhamana yenyewe ni bure. Ukiambiwa toa kitu kidogo usitoe, andika jina na saa. Hata akibaki ndani sheria inakataza kumchanganya na watu wazima, hilo liseme kwa sauti kila ofisi utakayoingia.

SWALI: Mhariri, mnawatetea sana hawa watoto. Sisi wa Buhongwa wanatuibia saiti mira, wanavunja vibanda. Kama kumejaa si serikali ijenge kwingine kukubwa? (Mfanyabiashara)

JIBU: Kaka yangu, kuibiwa kunauma, sikukatalii. Na majengo ni kweli hayatoshi, mahabusu za watoto ni chache mno kwa nchi nzima, za siku nyingi ni kama Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Moshi na Mbeya, ndo maana mtoto akikosa nafasi ya huko anaishia kwenye gereza la wakubwa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilizunguka magereza na vituo ikatoa ripoti 2011, ikakuta watoto wamechanganywa na watu wazima, na barua ya huyo mama hapo juu inasema hilohilo.

Ila mimi siamini kujenga peke yake kutatusaidia. Angalia nani wamejaa mle ndani. Wengi wanaoandikiwa humu hawajahukumiwa, wanasubiri upelelezi wa simu moja, ndoo ya dagaa, kuzurura. Ametoka Magu au Sengerema, kashuka stendi hana ndugu mjini, hana wa kumwekea dhamana, kwahiyo yule wa kosa dogo ndo anakaa muda mrefu kuliko jambazi mwenye kaka mwenye pesa. Ukijenga ukumbi mkubwa watajazwa haohao. Mbeya na Temeke zaidi ya miaka 10 iliyopita walianza mpango wa kumrekebisha mtoto wa kosa dogo akiwa nyumbani, anafuatiliwa na mtu wa ustawi, anarudishwa shule au ufundi, na mimi nataka kitu kama hicho kifike kila wilaya ya huku kanda ya ziwa. Huyo aliyeng'oa saiti mira yako akikaa mwaka mzima amelala katikati ya wavunja nyumba akitoka atarudi Buhongwa anajua kuvunja nyumba, na wa kwanza kuumia ni wewe.

SWALI: Mtoto wa kaka yangu ana miaka 14, aliiba nyavu na kakiri. Atafungwa miaka mingapi? (Baba mdogo, Nansio, Ukerewe)

JIBU: Hafungwi, ndugu yangu. Kifungu cha 119 cha Sheria ya Mtoto kinasema wazi mtoto asihukumiwe kifungo cha gerezani. Mahakama inaweza kumuachia, kumuweka chini ya mtu anayefaa kumlea, kumrudisha kwao kwa gharama za serikali, au kumpeleka shule ya maadilisho, yaani ya kurekebisha watoto waliokosa, na iliyozoeleka ni Irambo, Mbeya, ambako toka Ukerewe unapanda meli halafu mabasi, nani atamtembelea? Kwahiyo pambana abaki nyumbani. Nyavu zilizobaki zirudisheni leo, zilizokatwa mkubaliane mzilipe kidogokidogo, mwende kwa mwenye nyavu wewe, kaka yako na mtoto mwenyewe, huko kisiwani mnafahamiana wote, aombe msamaha kwa mdomo wake. Makubaliano yaandikwe na mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, kopi moja mpeni Afisa Ustawi wa Jamii kabla hajaandika ripoti yake.