Vikuku ndani ya foronya

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Ukikodi nyumba ya likizo, dhahabu, pesa na pasipoti unaziweka wapi?" Nadhani wengi watajibu kama wageni. Mimi ndiye ninayebaki na funguo. Kwa miaka 11 nimesafisha na kusimamia fleti za wageni hapa Nyali na Bamburi, Mombasa. Shuka mnazolalia nazitandika mimi, na kikipotea kitu, wa kwanza kutazamwa ni mimi au binti ninayefanya naye kazi.

Desemba moja alikuja bi mkubwa kutoka Muscat kumwoza mpwa wake. Nyumba ya ukoo Mji wa Kale ilikuwa imejaa watu wa harusi, ndugu zake wakamkodia fleti ya vyumba viwili Nyali. Alikuja na dhahabu, kama mjuavyo harusi zetu: vikuku sita, kidani na pete. Kabatini palikuwa na sefu ndogo lakini hakuiamini, na hakukosea, nitaeleza. Usiku mmoja alikwenda kulala kwa nduguze bila vile vikuku. Alivitia ndani ya soksi, soksi akaisukumiza ndani ya foronya ya mto wa chini kabisa, akaondoka na amani yake. Aliporudi saa tano asubuhi, binti alikuwa ameshabadilisha matandiko. Shuka na foronya zote zilikuwa kwenye gunia, na gunia liko kwa dobi.

Bi mkubwa aliinua ule mto, akauona una foronya mpya. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani akamtazama binti, basi. Mwenye nyumba akapigiwa simu, akaja, mkoba wa binti ukamwagwa mezani mbele yetu sote: leso, kipande cha sabuni, chapati mbili ndani ya gazeti, nauli ya matatu. Akaambiwa aende kwao asubiri. Kesho yake jioni dobi akapiga simu, kuna kitu kinagonga ndani ya mashine. Vikuku vyote sita vilikuwemo. Bi mkubwa alilia, akaja mwenyewe mpaka Kisauni kumwomba radhi mama yake binti, na nilimheshimu kwa hilo. Lakini binti hakurudi kazini. Aliniambia, "Dada, zile chapati zilivyomwagwa mezani, siwezi."

Ndiyo maana jibu langu kwa swali lenu ni kwamba msifiche. Wekeni mahali pa kufunga. Kila maficho yanayomjia mgeni kichwani, chini ya godoro, ndani ya foronya, kwenye furushi la nguo chafu, ndani ya kopo la sukari, nyuma ya jokofu, ni mahali ambapo mkono wangu lazima upite ndipo kazi iitwe imefanyika. Mwizi naye anapajua, tena huanzia hapo. Mali inataka mahali pamoja penye kufuli ambapo mimi sina haja ya kugusa. Mkifanya hivyo mnailinda mali yenu, na mnanilinda na mimi.

Kwa fleti nyingi mahali hapo ni sanduku lenu wenyewe la safari, lakini liwe la ganda gumu lenye kufuli. Mkoba wa zipu usiuamini hata ukiutia kufuli kubwa. Nimeoneshwa na fundi wa mabegi: alichukua kalamu ya biki, akaichoma katikati ya meno ya zipu, begi likafunguka wazi. Kisha akavuta vishikio vilivyofungwa kufuli, huku na huku, zipu ikajifunga kama haijaguswa. Tafuta sanduku la kubana kwa komeo, ulipitishie mnyororo wa baiskeli pale kwenye mkono wa kulibebea, uufunge kwenye chaga ya kitanda au bomba lisilong'oka. Mtu mwenye muda wa kutosha atalivunja, kweli. Lakini wizi mwingi wa fleti ni wa dakika tano, mtu anabeba kinachobebeka.

Sasa sefu. Zile ndogo za namba zinazowekwa kabatini, kwanza itikise. Ikisogea, haikufungwa bolti, na sefu isiyofungwa bolti ni kumkusanyia mwizi vitu vyote ndani ya boksi moja lenye pa kushika. Ya pili, mlango ukiwa bado wazi, weka namba yako, geuza mpaka vile vyuma vya pembeni vitoke, halafu jaribu kuifungua kwa sifuri sita, kisha kwa moja mpaka sita. Sefu nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani na namba kuu ya aina hiyo, ya kufungulia mgeni aliyesahau ya kwake, na wenye nyumba wengi hawaibadilishi. Vyuma vikirudi ndani, usiweke kitu humo. Ya tatu, muulize mwenye nyumba ufunguo wa dharura wa sefu uko wapi. Niliwahi kuukuta umebandikwa kwa selotepu nyuma ya sefu yenyewe.

Funguo za mlango ndizo zinazonikosesha usingizi. Siku mnapofika ulizeni, bila aibu: "Funguo za mlango huu ziko ngapi, na nani anazo?" Anayejibu mara moja anajua nyumba yake. Anayeanza kuhesabu vidole, kuna wa askari wa getini, kuna wa fundi wa AC, kuna uliopotea mwaka jana, basi hata pasipoti msiiache humo. Na kama ufunguo unatoka kwenye kisanduku cha namba nne kilichotundikwa nje, tazameni vile vitufe. Namba isiyobadilishwa kwa muda mrefu hujitaja yenyewe: vitufe vinne vimechujuka rangi, vingine bado vipya.

Madirisha ya pwani yana kisa chake. Joto la kaskazi likizidi, mgeni hulala na dirisha wazi akitegemea vyuma. Vyuma havimzuii mwenye ufito. Hutia kulabu kwenye ncha, akaopoa suruali iliyotundikwa kitini na kila kilichomo mfukoni, nanyi mmelala. Fleti ya chini, na ile ambayo ukuta wa jirani unafika kwenye roshani yake, msiache kitu mahali ufito unapoweza kufika kutoka dirishani.

Pesa taslimu siku hizi hazibebwi nyingi, tangu M-Pesa ilipokuja mwaka 2007 mkoba umekuwa simu. Basi wekeni PIN kwenye laini yenyewe, mbali na ile ya kufungulia simu. Mwizi akiihamishia laini yenu kwenye simu nyingine, itamwomba namba hiyo kabla hajapokea ujumbe hata mmoja.

Na kitu kikipotea? Chukueni saa nzima mtafute, mfikirie pia matandiko na takataka, mmpigie dobi. Bado hakionekani, nendeni kituo cha polisi mkaandikishe, mpewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, maana bima itaiuliza. Mkoba wa mfanyakazi msiupekue wala msimruhusu mwenye nyumba aupekue. Hiyo ni kazi ya polisi. Nawaomba pia mniambie mapema siku mnayotaka nisafishe, mkipenda muwepo. Mimi sikasiriki mgeni akikaa sebuleni nikideki. Huwa nafurahi.

Wenye nyumba mnaosoma, mimi nimeajiriwa na watu kama ninyi, kwa hiyo nasema kwa heshima. Fundi hutoboa ukuta na kufunga sefu bolti nne ndani ya saa moja. Badilisheni namba kuu siku hiyo hiyo, na namba ya kisanduku cha nje kila mgeni anapoondoka. Na siku za kubadilisha matandiko ziandikeni kwenye karatasi, mzibandike kwenye mlango wa kabati ambapo mgeni atazisoma kabla hajatafuta pa kuficha.

Msomaji, Bamburi, Mombasa