Mbona tokeni za mia tano hazilingani?

Majirani zangu hapa Mombasa huniuliza swali hili kila mara: mtu na dada yake wamenunua tokeni za stima za shilingi mia tano siku moja, mbona mmoja kapata uniti nyingi kuliko mwenzake? Mimi huwauliza kwanza, miezi mitatu iliyopita mlitumia stima kiasi gani?

Kenya Power, kampuni inayotuuzia stima, huwaweka wateja wa nyumbani katika makundi matatu kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2023, asiyezidi uniti 30 kwa mwezi alitozwa shilingi 12.22 kwa uniti, anayezidi 30 lakini hapiti 100 alitozwa 16.30, na anayepita 100 alitozwa 20.97. Hapo tozo na ushuru bado.

Linaloniuma zaidi ni ploti zenye mita moja. Tuseme wapangaji ni watatu, na kila nyumba hutumia uniti 40. Kwa viwango hivyo, kila mmoja angekuwa na mita yake, wote wangelipa 16.30 kwa uniti. Wakichangia mita, zinasomeka uniti 120 na wote wanaangukia 20.97. Kila nyumba inapoteza kama shilingi 187 kwa mwezi kabla ya kodi ya VAT, na vile vimita vidogo vya mwenye nyumba haviwaokoi, kazi yake ni kugawana deni tu. Ukienda kutafuta nyumba, ulizia mita kabla hujatoa hela ya deposi. Kama umeshahamia, mwendeeni mwenye nyumba pamoja na hesabu hii mkononi.

Halafu usome ujumbe wa tokeni mpaka mwisho. VAT ni asilimia 16, na kuna asilimia 5 ya kusambaza stima vijijini, lakini zinazopandisha na kushusha bei kila mwezi ni gharama ya mafuta na ile ya fedha za kigeni. Mvua ikikosa, maji ya mabwawa ya kuzalisha stima ya Mto Tana kama Masinga hupungua na mitambo ya dizeli hufanya kazi zaidi. Mikopo na mikataba mingi ya stima nayo hulipwa kwa dola na yuro, kwa hiyo mwanzoni mwa 2024, dola ilipopita shilingi 160, sote tuliisikia kwenye tokeni.

Hayo hatuyawezi. Tunaloliweza ni hita ya bafuni. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa nzima, kwa hiyo hita ya kilowati 5 inakula uniti moja kwa dakika 12. Watu wanne wakioga dakika sita sita ni uniti mbili kwa siku, 60 kwa mwezi, na kama matumizi yako mengine yanazidi uniti 40, hizo zinatosha kukutoa kundi la kati hadi la juu. Kwetu huwashwa kwa ajili ya bibi na mtoto mchanga tu. Ila ukianza kupunguza leo, usitarajie bei ishuke wiki ijayo. Wastani ni wa miezi mitatu, kwa hiyo upe nafasi.