Ong'ayo mmoja, faili mbili

SWALI: Dada, salamu nyingi kutoka Kondele, Kisumu. Mimi ni karani katika kliniki, na jioni najifunza kuandika programu. Mfumo tunaotumia ni programu huria, msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Shida yangu ni hii: mgonjwa akisajiliwa kwenye tableti kama Ong'ayo, nikimtafuta kwa kompyuta ya mezani haonekani. Anaandikishwa upya, basi anakuwa na faili mbili. Natamani kurekebisha lakini naogopa, sina digrii. Nianzie wapi?
Karani, Kondele

JIBU: Salamu nimezipokea, mdogo wangu. Digrii hakuna atakayekuuliza. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika leo katika nchi nyingi, ulianza 2004 kwa mahitaji ya kliniki za Eldoret, hapo jirani yenu, na 2006 ukaanza kutumika huko huko. Kazi hii ni ya kwetu pia. Tena faili mbili si jambo dogo: dawa zimeandikwa huku, mzio umeandikwa kule.

Nahisi najua kosa lilipojificha. Kibodi za tableti mara nyingine huweka alama ya ng' iliyopinda, ile ya kompyuta imesimama wima. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa mashine ni herufi mbili, kila moja na namba yake ya kuitambulisha: U+2019 na U+0027. Nakili jina kutoka faili ya kwanza, ulibandike kwenye kisanduku cha kutafutia. Likitokea, tumelikamata.

Hapo usikimbilie msimbo. Pitia orodha ya hitilafu ya mradi wa programu hiyo, pengine mwenzako ameshairipoti. Kama bado, andika toleo la programu, ulichobofya hatua kwa hatua, ulichotarajia na ulichokiona. Jina la mgonjwa wa kweli lisionekane popote, hata kwenye picha. Na ueleze kwamba ng' ni sauti moja, si ile ya ngoma. Msimamizi wa mradi aliye Ujerumani au India atalijuaje? Katika hilo mwalimu ni wewe.

Wasimamizi wakikubali, tengeneza nakala yako ya msimbo, fungua tawi, yaani mahali pa kufanyia mabadiliko bila kugusa msimbo mkuu, uguse mistari inayohusika tu: alama zote zigeuzwe kuwa moja kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta. Ongeza jaribio, yaani msimbo mfupi wa kukagua kwamba marekebisho yanafanya kazi, lenye Ong'ayo wa aina zote mbili. Majina yaliyokwisha kuhifadhiwa ni kazi nyingine, waulize wasimamizi.

Nasisitiza mistari michache kwa sababu yalinikuta. Nikiwa Nakuru nilirekebisha mistari miwili, kumbe kihariri changu, programu ya kuandikia msimbo, kimepanga upya nafasi za faili nzima. Msimamizi akaona mistari 600 imebadilika, akairudisha. Niliumia sana. Kesho yake nikatuma ile miwili peke yake, na baada ya wiki tatu ikapokelewa, jina langu likiwa juu yake.

Ila usijaribie kwenye mashine ya kliniki. Weka mfumo kwenye laptopu yako, uandikishe Ong'ayo wawili wa kubuni, halafu uwatafute.