Klachi ikiteleza, usikimbilie kushusha giaboksi

Dereva akifika gereji akakwambia "klachi imekwisha", msikilize kwa heshima lakini usimwamini bado. Anachojua yeye ni kwamba gari halivuti, na gari kutovuta kuna sababu nyingi: filta ya dizeli imeziba, breki inabana, plagi zimechoka, turbo haipulizi. Klachi ni mojawapo tu, na ni ghali kuliko nyingi kwa sababu giaboksi lazima ishuke. Ukishusha giaboksi ya Hiace kutwa nzima halafu ukakuta klachi pleti (sahani inayobanwa ili injini isukume giaboksi) bado nene, hiyo kazi nani atailipa?

Kwa hiyo nyinyi mnaoanza ufundi shikeni jambo hili kwanza. Gia ikishaingia na mguu ukatoka kwenye klachi, injini na matairi vinakuwa vimefungwa pamoja. Injini haiwezi kuongeza mizunguko bila gari kuongeza mwendo. Ukiona mshale wa mizunguko unapanda na wa mwendo umelala palepale, kuna kitu kinateleza kati ya injini na giaboksi. Lakini gari likiwa zito huku mishale yote miwili inapanda polepole kwa pamoja, achana na klachi, katafute kwenye injini au breki. Kirikuu nyingi, hizi pikapu ndogo za mzigo, hazina mshale wa mizunguko, basi hapo sikio lako ndilo mshale: injini inapiga kelele, gari halina habari.

Usiridhike na kulisikiliza likiwa limesimama. Liendeshe mwenyewe, likiwa na mzigo wake ikiwezekana. Tafuta mwinuko, ingiza gia ya nne mwendo ukiwa 40 au 50, kisha kanyaga mafuta mpaka chini. Kwenye gia ya kwanza gari ni jepesi kusukuma, klachi dhaifu inaweza kujificha. Gia ya juu ndiyo inayoiumbua. Dereva anayetoka Dar kwenda Mbeya anaweza asione kitu mpaka Kitonga, halafu akadhani klachi imekufa pale mlimani ghafla, kumbe ilikuwa inakwisha tangu zamani.

Kama barabara hairuhusu, kuna jaribio la kusimama. Hakikisha hendibreki inashika kweli na hakuna mtu mbele wala nyuma ya gari. Ingiza gia ya tatu, pandisha injini kama mizunguko 2,000, achia klachi. Injini inatakiwa kuzimika palepale. Ikiendelea kunguruma, umepata jibu. Fanya mara moja inatosha, maana kila ukirudia unaichoma hiyo hiyo klachi ya mteja.

Kuna kosa moja ninaloliona gereji nyingi mpaka linanichosha: gari linateleza, fundi anatoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya klachi. Upepo hautelezeshi klachi! Upepo unafanya klachi isiachie vizuri, ndipo gia zinaingia kwa kukwaruza, hasa rivasi. Kuteleza ni kinyume chake: klachi haibani. Ugonjwa wa kutobana na ugonjwa wa kutoachia havitibiwi kwa dawa moja, na kabla hujashika spana lazima useme unatibu upi.

Sasa, kabla ya kwenda chini ya gari, anza na pedali. Kwa gari linalotumia waya, kama kirikuu, pedali inatakiwa iwe na mchezo kidogo juu kabla haijaanza kusukuma chochote. Gari nyingi za waya zinataka kati ya milimita 15 na 25 hivi, lakini kipimo cha mwisho ni cha kitabu cha gari lenyewe. Pasipo mchezo kabisa, rilizi beringi (beringi inayosukumwa na pedali) inakuwa inaisukuma presha pleti, ile inayobana klachi pleti, muda wote, sawa na dereva asiyetoa mguu. Kadiri pleti inavyolika mchezo huo unapungua wenyewe, kwa hiyo waya uliokuwa sawa mwaka jana leo unaweza kuwa umebana. Kulegeza nati ya waya ni kazi ya dakika chache, na ukiwahi kabla pleti haijaungua, mteja anaondoka bila kununua spea yoyote.

Kwa gari ambalo klachi yake inasukumwa na mafuta badala ya waya, kagua kama presha inanasa kwenye mpira au kwenye klachi masta. Gari likishaanza kuteleza, lisimamishe, achia mguu kwenye pedali, kisha fungua kidogo skrubu ya kutolea upepo kwenye klachi masta ya chini. Mafuta yakiruka kwa nguvu bila mtu kukanyaga pedali, presha ilikuwa imenasa. Inawezekana mpira umevimba ndani au masta ya juu hairudishi mafuta. Funga skrubu, jaribu gari tena. Kuteleza kukiwa kumekoma, giaboksi ibaki ilipo. Na mafuta hayo yanakula rangi ya gari, yafute upesi.

Hayo yote yakiwa sawa, ndipo giaboksi inashuka. Toa waya wa hasi wa betri, weka gari kwenye stendi na si juu ya jeki peke yake, na kama gari linasukuma nyuma weka alama kwenye propela shafti kabla hujaifungua ili irudi ilivyokuwa. Giaboksi uishikilie kwa jeki muda wote, wakati wa kutoa na wa kurudisha. Ikining'inia kwa shafti yake ndani ya klachi pleti, inaipinda pleti pale katikati, halafu unashangaa gari lenye klachi mpya linatetemeka.

Ukishafungua, usikimbilie kuweka mpya. Soma ya zamani. Pleti iliyolika mpaka karibu na ripiti (misumari inayoshikilia laining, yaani tabaka la pleti linalosuguana), kwa usawa pande zote, imekufa kwa uzee. Ikiwa nene lakini imeng'aa na kuwa nyeusi, iliunguzwa na mguu wa dereva. Ikiwa imelowa, simama hapo hapo. Kirikuu ya kubeba maji inaweza kufungwa pleti mpya na baada ya muda mfupi ikarudi inateleza, kwa sababu aliyefunga alifuta oili kwa tambara akaacha oili sili (mpira wa kuzuia oili) ileile inayovuja. Oili nyeusi upande wa flaiwili (gurudumu zito la chuma mwisho wa injini) mara nyingi imetoka kwenye sili ya krenki. Yenye harufu kali ya giaboksi imetoka kwenye sili ya shafti ya giaboksi. Mimi nikishashusha giaboksi ya gari lenye umri, sili ya krenki naibadilisha hata kama haijaanza kuvuja. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kushusha giaboksi mara ya pili.

Vumbi la humo usilipulize kwa kompresa. Laining za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Lifute kwa tambara bichi.

Flaiwili ikiwa na madoa ya bluu, mistari au nyufa ndogo, ipeleke kwa fundi wa lezi, mashine ya kuchonga chuma, aikague na kuisawazisha. Ufa ukiwa mkubwa haifai tena. Presha pleti, klachi pleti na rilizi beringi vibadilishe vyote kwa pamoja. Kuna wanaovisha pleti ya zamani laining mpya kwa ripiti. Siwalaumu, fedha ni ngumu, lakini springi za presha pleti iliyochoka hazirudi ujana kwa laining mpya.

Wakati wa kufunga, angalia pleti inaelekea wapi. Nyingi zimeandikwa upande wa flaiwili. Ikigeuzwa itakushinda siku hiyo hiyo. Iweke katikati kwa kifaa chake au kwa kipande cha shafti ya zamani, la sivyo giaboksi itakataa kuingia. Bolti za presha pleti kaza kidogo kidogo kwa kupishana, moja huku nyingine ng'ambo, kisha malizia kwa spana ya kipimo. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kupaka tu, ikizidi itarukia kwenye laining.

Gari likishatoka, mwambie dereva kilomita 500 za mwanzo asibebe mzigo wa kupita kiasi wala kuvuta gari lingine, na kwenye foleni ya mlimani asimamie hendibreki badala ya kubalansi kwa klachi. Na ile pleti ya zamani mfungie kwenye mfuko aondoke nayo, ili akiambiwa kijiweni kwamba ilikuwa nzima awe nayo mkononi.