Maswali ya Wasomaji: Kuosha Gari Nyumbani Bila Kuikwaruza Rangi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi katika jengo la ghorofa huko Roysambu, ambako maji hutufikia kwa mgao. Gari langu ni jeusi, na kila alfajiri mlinzi wa jengo hulipangusa kwa kitambaa na ndoo moja ya maji yenye sabuni ya unga. Siku hizi nikiliegesha juani ninaona mikwaruzo myembamba iliyojipanga kwa duara kama utando wa buibui, hasa kwenye boneti. Je, ni sabuni iliyoharibu rangi, na nifanye nini ilhali maji ni haba?
Msomaji, Roysambu

JIBU: Sabuni ina lawama yake, lakini si mkosaji mkuu. Kilichoikwaruza rangi ni vumbi lenyewe, kwa kuwa udongo mwekundu wa upande wenu wa jiji huchanganyika na chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko rangi ya gari, na mlinzi anapopitisha kitambaa kabla ya maji kuziondoa, huwa anazisugua chembe hizo juu ya rangi kwa mzunguko wa mkono wake. Ndiyo maana alama zimejipanga kwa duara. Kitambaa hicho kikirudi katika ndoo ile ile moja, huchota tena mchanga uliokwisha kutolewa. Tabaka la juu kabisa, lile lisilo na rangi ambalo hulipa gari mng'ao, kwa kawaida huwa na unene wa takriban maikroni 40 hadi 50, yaani pungufu ya unywele mmoja wa binadamu, kwa hiyo halistahimili msuguano wa kila siku. Gari jeupe la jirani yako huenda limekwaruzwa vivyo hivyo, ila weupe unalisitiri.

Jambo la kwanza ni kumwomba mlinzi aache kulipangusa kila alfajiri. Najua ombi hilo si rahisi, kwani naye huona fahari kukukabidhi gari safi kabla hujaondoka kwenda kazini, lakini vumbi lililotulia juu ya gari halidhuru lolote mpaka liguswe. Mlipe kiasi kile kile kwa kuliosha mara moja kwa wiki.

Kuhusu maji, nunua katika duka la pembejeo pampu mpya ya mkono ya kunyunyizia mimea, ambayo haijawahi kutiwa dawa, kisha ulilowanishe gari zima na kuliacha dakika chache ili udongo ulainike na kuteremka wenyewe. Baada ya hapo tumia ndoo mbili: moja ya maji yenye shampuu ya magari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla ya kukirudisha kwenye sabuni. Anza na paa, ushuke kwenye vioo na boneti, na sehemu za chini za milango ziwe za mwisho, kwa maana huko ndiko mchanga ulikojaa. Pitisha kitambaa kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza. Magurudumu yawe na kitambaa chake, ambacho hakitagusa rangi kamwe, kwa sababu vumbi la breki lina vipande vya chuma. Ukienda kwa mpango huu, ndoo tatu au nne zinatosha gari dogo.

Sabuni ya unga iachie nguo. Huiondoa nta inayokinga rangi, na jua la Nairobi, jiji lililo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ni kali kwa rangi isiyo na kinga. Oshea kivulini boneti ikiwa imepoa, kisha ukaushe mara moja kwa taulo laini ya maikrofaiba, hasa kama jengo lenu hutumia maji ya kisima kirefu, ambayo chumvi zake huacha madoa meupe yanapokaukia juani.

Kwa mikwaruzo iliyopo, pitisha ukucha juu yake polepole. Usipokwama, polishi laini itaipunguza, ingawa kila unapopiga polishi unaondoa sehemu ya tabaka lile jembamba, kwa hiyo haifai kuwa desturi. Malizia kwa nta, na uirudie kila baada ya miezi mitatu hivi. Ukucha ukikwama, mwachie fundi wa rangi.

SWALI: Mtoto wangu alimwaga maziwa kwenye kiti cha nyuma cha Toyota Aqua yetu. Nimenyunyizia manukato ya kila aina, lakini harufu hurudi kila jua linapowaka. Nimwage maji mengi nioshe?
Mama Msomaji, Buruburu

JIBU: La, mama, usimwage maji hapo. Katika gari hilo betri kubwa ya mfumo wa haibridi, yaani ule unaotumia petroli pamoja na umeme, imo chini ya kiti cha nyuma, na kando ya kiti kuna tundu linaloipatia hewa ya kuipoza, ambalo halipaswi kuingia maji wala kuzibwa na nguo au mikoba. Lowanisha sehemu iliyochafuka tu, kwa maji baridi, kwani maji ya moto hugandisha protini ya maziwa ndani ya nyuzi. Tumia sabuni yenye vimeng'enya, yaani viambato vinavyovunjavunja uchafu kama wa maziwa, uiache ifanye kazi, kisha ukandamize kwa taulo kavu badala ya kusugua, na urudie hadi taulo itoke bila harufu. Nyunyiza soda ya kuokea usiku kucha, uifyonze asubuhi, kisha uache milango wazi mpaka sifongo ya ndani ikauke kabisa, la sivyo utapata ukungu. Manukato yaweke kando kwanza, maana hukuzuia kujua kama harufu imekwisha.

SWALI: Nikipeleka gari kuoshwa, vijana hupuliza injini kwa dizeli ili ing'are. Je, nifanye hivyo nyumbani?
Msomaji, Embakasi

JIBU: Usifanye, na hao vijana uwakataze. Dizeli hudhoofisha mipira na mikanda, hunasa vumbi upya, na ikimwagikia bomba la moshi lenye joto inaweza kuwaka. Injini ikiwa imepoa, ondoa vumbi kwa brashi laini na kitambaa chenye unyevu, ukijiepusha na alteneta (kifaa kinachochaji betri), kisanduku cha fyuzi na nyaya za rangi ya chungwa za magari ya haibridi. Udongo mweusi wa Embakasi ulioganda chini ya mabawa ya magurudumu ndio unaostahili maji yako, kwani hushikilia unyevu na kuleta kutu.