Kamera ya barafuni kwenye ziwa lisilo na barafu

Binamu yangu anaishi Winnipeg, Kanada. Kule maziwa huganda, na barafu ikishafika unene wa sentimita 10 hivi watu hutembea juu yake, hutoboa tundu kwa keekee, kisha huteremsha ndoano na kamera pamoja. Alipokuja likizo aliniletea kamera yake ya zamani: jicho lenye umbo la samaki, waya wa mita 20, skrini ya inchi 7 na betri ya volti 12. "Kaka, sasa utamwona mbuta, yule sangara, kabla hajakuona," akanitania. Nami nikaamini.

Siku ya kwanza kwenye Ziwa Victoria, nje ya Masese, hapa Jinja, niliona kijani tupu. Nikawasha taa nyeupe za kamera, mambo yakaharibika zaidi, maana kila chembe ya mwani iliurudisha mwanga kwenye lenzi, kama dereva anayewasha taa kubwa katikati ya ukungu wa Kabale.

Wiki nzima niliilaumu kamera, kumbe kosa langu. Chini ya barafu upepo hauyagusi maji, mwani hupungua, na mvuvi mwenyewe ameketi mahali pasipoyumba. Kifaa kile kilizaliwa kwenye utulivu. Ukikileta Victoria, utulivu huo inabidi uutafute wewe.

Anza na maji. Mimi nimefunga kisahani cheupe kwa kamba yenye fundo kila nusu mita, nakizamisha mpaka kipotee machoni. Kikipotea kabla ya mita moja, kamera haishuki. Upande wa Ggaba, ambako uchafu wa Kampala huingia ziwani, kisahani hakikufika hata fundo la kwanza. Huku kwetu, mbali kidogo na ufuko, alfajiri kabla upepo haujaamka, huwa napata mita moja na nusu. Inatosha, mradi jicho liwe karibu na chambo. Taa nyeupe nazima. Zile za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho yetu, hazimshtui samaki, lakini maji huumeza mwanga wake upesi, kwa hiyo usizitegemee kupita nusu mita.

Halafu nanga. Mbili, mbele na nyuma. Nilijifanya mjuaji nikatupa moja. Mtumbwi ukazunguka polepole, waya ukajiviringisha kwenye kamba ya nanga, na alasiri nzima ikaishia kwenye kufungua mafundo huku vijana wa mtumbwi wa jirani wakiniuliza kama nimenasa mamba. Siku hizi, pasipo na kina kirefu, kamera naifunga kwenye mwanzi wa mita tatu. Haizunguki. Ikigusa tope, iinue kidogo usubiri. Ukiivuruga ovyo utatazama vumbi la chini mpaka uchoke.

Jua nalo! Wenzetu wa barafuni hukaa ndani ya vibanda vyenye giza, skrini inang'aa. Mimi hujifunika leso ya mke wangu, kichwa na skrini pamoja, kama mtu anayejifukiza. Watu watacheka siku mbili, watazoea. Betri iweke kivulini, chini ya ubao wa kukalia.

Je, inasaidia kutafuta samaki? Kwa maoni yangu, hapana. Ukiona mita moja, utatafuta mpaka lini? Faida yake ni kukuonyesha kinachotokea kwenye ndoano. Niliipeleka Ziwa Bunyonyi, ambako maji ni safi zaidi, nikaona kamba wa maji baridi wakinyofoa mnyoo wangu taratibu, boya juu halitikisiki. Kumbe muda wote nilikuwa nalisha kamba.

Lakini mahali inaporudisha gharama zake ni kwenye vizimba vya sato, zile nyavu za kufugia samaki ziwani. Samaki akifa kwanza huzama. Ukimkuta anaelea ameshavimba, na ameshawaharibia wenzake maji. Kamera huniwezesha kutazama sakafu ya wavu kila asubuhi bila kumlipa mzamiaji. Mwezi uliopita niliipitisha polepole kwenye pembe ya chini, pale wavu unaposuguana na kizito kinachouvuta chini. Kulikuwa na tundu la kutosha ngumi. Sato mmoja akachungulia, akatoka. Wa pili akamfuata. Nilimpigia fundi wa nyavu kabla sijatoa leso kichwani.