Belta ya KSP92 au SCP92: nichukue ipi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nataka kuagiza Toyota Belta kutoka Japani. Nimepata mbili, zote za 2008, zote otomatiki. Moja imeandikwa KSP92, nyingine SCP92, na hiyo ya kwanza kodi yake iko chini. Nakaa Iringa na nashuka Dar mara kwa mara na familia, watu watano na mizigo. Mke wangu anasema Belta ni Vitz iliyoongezewa buti tu, kwa hiyo ninunue Vitz nisisumbuke. Naomba ushauri. Msomaji, Iringa.

JIBU: Njema, ndugu yangu. Kwa safari hizo chukua SCP92. Na shemeji yuko sahihi nusu, nitamfikia.

Anza na hizo herufi. Kwenye magari ya Toyota, herufi za mwanzo zinataja familia ya injini, na P inayofuata inataja ukoo wa gari. P hiyo ni ya siku nyingi: Publica ya 1961, yenye injini ya cc 697 ya pistoni mbili iliyopozwa kwa upepo, ilikuwa UP10. Starlet zilizokuja baadaye ni KP61, EP71, EP82. Vitz nayo ikarithi P, na Belta vilevile. Kwa hiyo jina lililobandikwa nyuma ya buti halikuambii mengi. Belta ziko za aina tatu. KSP92 ina injini ya 1KR-FE, cc 996, pistoni tatu. SCP92 ina 2SZ-FE, cc 1296, pistoni nne. NCP96 ndiyo ya kuvuta magurudumu yote manne. Ina 2NZ-FE ya cc 1298 na giaboksi ya otomatiki ya kawaida ya gia nne badala ya CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua. Japani wanaitumia kwenye theluji, wewe huna kazi nayo.

Kodi ya KSP92 iko chini kwa sababu ushuru wa bidhaa unapangwa kwa ukubwa wa injini, na ngazi ya chini kabisa inaishia cc 1000. Injini hiyo imepenya kwa cc nne tu! Pitisha gari zote mbili kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, uone tofauti halisi, kisha kumbuka kwamba kodi hiyo unailipa mara moja, ila mlima wa Kitonga ulio njiani utaupanda kila ukirudi kutoka Dar.

Simaanishi kwamba 1KR ni injini mbovu. Ilibuniwa na Daihatsu, ni nyepesi mno, karibu kilo 69, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Passo ya cc 996 na Vitz ya KSP90, kwa hiyo spea zake hazikusumbui. Kwa mtu wa mjini anayekwenda kazini peke yake, mimi mwenyewe ningempa hiyo. Ila inatoa nguvu farasi 71 na nguvu ya kuzungusha (toki) ya takriban Nm 94. SCP92 inatoa 87 na Nm 116. Hizo namba zimepimwa kwenye hewa ya usawa wa bahari. Ukipanda, hewa inapungua kama asilimia 10 kwa kila mita 1000, na injini isiyo na tabo inapungukiwa nayo. Iringa iko juu ya mita 1500. Piga hesabu: ukikaribia nyumbani, zile 71 zimebaki kama 60, ndani mko watano, buti limejaa, na gari tupu tayari ina uzito wa karibu tani moja. Utafika, lakini utapanda mguu ukiwa umezama kwenye pedeli, CVT ikiishikilia injini kwenye mizunguko ya juu bila kushuka, na lori la mbele yako hutalipita kwa usalama. Ukiwa hivyo, hata ule unafuu wa mafuta unaosifiwa kwenye cc 996 unayeyuka.

Jambo jingine la pistoni tatu: ikinguruma gari imesimama, usukani na kiti vinatetemeka kidogo. Hesabu ya pistoni haigawanyiki kwa mbili, na injini hii haikuwekewa shafti ya kusawazisha mtetemo. Wateja wengi wanaletwa gereji wakiambiwa mauntingi, yaani raba zinazoishikilia injini, zimekufa, wanabadilishiwa zote, mtetemo uko palepale.

Sasa shemeji. Anachosema ni kweli kabisa kwa Platz, ndugu mkubwa wa Belta. Vitz ya kwanza ilitoka Januari 1999, imechorwa na Mgiriki Sotiris Kovos, na ilipofika Agosti mwaka huo huo Toyota wakatoa Platz: umbali wa ekseli hadi ekseli ni milimita 2370 kwa zote mbili, paa refu lile lile, buti limechomekwa nyuma. Marekani waliiuza kwa jina la Echo. Kwa macho yangu ni gari imara yenye umbo la kusikitisha, na mwaka 2002 Toyota wenyewe waliikarabati sura.

Belta ilipokuja Novemba 2005 hawakurudia hivyo. Vitz ya wakati huo ina milimita 2460 kati ya ekseli, Belta ina 2550. Hizo milimita 90 zimekwenda kwa magoti ya abiria wa nyuma. Paa limeshushwa kutoka 1520 hadi 1460, urefu ukafika 4300, upana ukaachwa 1690 kwa sababu Japani gari ikivuka 1700 inahamia daraja lingine. Ndani kuna kitu kimoja tu kitakachokukumbusha Vitz moja kwa moja: saa za spidi ziko katikati ya dashibodi. Utazizoea ndani ya wiki.

Ikifika, usiruhusu mtu akumiminie ATF, yaani oili ya otomatiki za kawaida, kwenye giaboksi. CVT ina oili yake, aina imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Injini zote hizi zinatumia cheni ya taimingi, si mkanda, na adui wa cheni ni oili iliyochelewa kubadilishwa. Ukiteremka Kitonga toa D, weka nafasi ya chini yake, injini ikushikie gari badala ya kuunguza breki.

Tahadhari moja ya spea: Belta hii iliisha 2012, lakini mwaka 2021 Toyota walilirudisha jina kwenye Suzuki Ciaz iliyobadilishwa nembo, ikauzwa Afrika na Mashariki ya Kati. Hazishirikiani chochote. Dukani taja SCP92, usitaje Belta peke yake.

Kabla hujatuma pesa, muombe muuzaji picha ya bamba lililo chini ya boneti. Kwenye mstari wa modeli utaona DBA-SCP92 na herufi nyingine, na kwenye mstari wa injini 2SZ-FE. Akikutumia picha ya nje ya gari tu, muombe tena.